Neno la baba lililomshinda Dexo kuligeuza

Jua ndiyo kwanza linagusa vigae vya mapaa ya kilima cha Aventino, na kwa Plotia dobi kazi imeshachanganya. Wanaume watatu wamesimama ndani ya mabeseni ya mawe, kanzu zimekunjwa hadi mapajani, wanakanyaga nguo za watu katika mkojo uliochacha, sabuni ya madobi wa Roma. Nyuma yao, juu ya mtungi uliopinduliwa, ameketi Dexo, mpangaji wa Plotia, na kibao cha nta magotini. Mguu wake wa kulia unagonga sakafu sawasawa na miguu yao, na midomo inamcheza.

"Punguza kidogo, kaka," anamwambia aliye karibu naye. "Mstari wangu umebaki nyuma."

"Lete nguo za kufua, tukukanyagie polepole unavyotaka," anajibu yule, na wenzake wanaangua kicheko.

Dexo anatabasamu, anafuta neno kwa kitako cha kalamu, anaandika jingine. Mstari ukikubali kwenda na miguu ya madobi, anasema, mwigizaji hatajikwaa nao jukwaani. Ukikataa, hata uwe mtamu namna gani, anaufuta.

Kazi hii watu wa hapa huiita kugeuza. Unachukua mchezo wa Kigiriki, unaupindua kama joho lililochakaa upande mmoja, mpaka upande wa Kilatini utokee nje. Babu zetu walikuwa na nyimbo za mavuno, matusi ya harusini na maombolezo ya msibani, na mashairi yao yalikwenda kwa kishindo kama mkokoteni kwenye mawe. Mizani tunayoisikia leo kwenye sikukuu, visa tunavyovichekea, hata majina ya wahusika, vyote tumevitoa kwa Wagiriki. Vingine tumevichukua pamoja na wenyewe.

"Mimi ni ngawira iliyojifunza kusema," anasema Dexo.

Aliletwa Roma akiwa na miaka kumi na mitatu, mwaka ulipoanguka mji wao wa Taras, ambao Warumi wanauita Tarentum. Alinunuliwa na Gaius Vatronius, mwenye kundi la waigizaji, kwa sababu alijua kusoma. Sasa ana zaidi ya miaka arobaini, ameachwa huru, na jina lake rasmi ni Gaius Vatronius Dexo, ingawa hakuna anayejisumbua kulitaja lote. Mchezo mmoja humpatia dinari themanini, na katika mwaka wa neema hugeuza mitatu. Jina linalotangazwa kabla ya mchezo ni la Vatronius. Hilo halimnyimi usingizi.

Kinachomnyima usingizi kinapita uchochoroni sasa hivi. Mchukuzi wa kabichi anachungulia mlangoni, anamwona Dexo, anatua tenga lake makusudi. Anauburuta mguu wa kushoto mpaka kwenye kizingiti.

"Salve!" anapayuka. Anarudi kinyumenyume, mguu nyuma. "Vale!" Anaujia mlango tena, anajigonga kichwa kwenye nguzo. "Salve! Vale! Salve!"

Madobi wanacheka mpaka mmoja anashika ukuta asianguke. Mchukuzi anajitwisha kabichi zake na kwenda zake, roho kwatu.

Dexo hacheki. Ameinamisha uso juu ya kibao, na shingo yote imekuwa nyekundu kama ya mtu aliyefumaniwa.

"Kila siku, bwana," ananiambia akiwa bado ameinama. "Kila siku, na nastahili."

Mchezo ambao mchukuzi ameuiga unaitwa Mfinyanzi. Kule Taras ulichezwa kila sikukuu ya mungu wa mvinyo, na aliyeigiza mfinyanzi alikuwa Zopiro, baba yake Dexo. Kisa chenyewe si kirefu. Mfinyanzi maskini alipoteza binti angali mchanga. Anakuja kumgundua siku ya harusi yake, nyumba ya pili tu kutoka kwake, amelelewa na matajiri. Akijitambulisha, harusi itavunjika, maana nani ataoa binti wa mfinyanzi? Kwa hiyo mzee anakwenda hadi mlangoni, binti anatoka, na mzee anamwambia neno moja tu: khaire. Binti, kwa adabu tu ya kumsalimu mtu asiyemjua, anajibu khaire, kisha anaingia ndani kuolewa.

Neno hilo Wagiriki hulisema wakikutana na hulisema wakiagana. Hulichonga hata makaburini.

"Baba alikuwa na mguu mbovu," anasema Dexo. "Alianguka jukwaani kabla sijazaliwa. Akitembea anauburuta hivi, halafu anaunyanyua kidogo, kama anauombea radhi. Watu wa Taras wakiuona mguu ule unajitokeza kwenye mlango wa jukwaa, wanasimama. Uwanja mzima. Wanasimama kwa heshima yake, na wanabaki kimya mpaka aseme."

Zaidi ya mwaka mmoja uliopita Vatronius alimtaka ageuze mchezo mpya, na Dexo akauchagua Mfinyanzi. Alikuwa ameuhifadhi wote kichwani. Mistari ilimjia kama mbuzi wanaojua zizi, hadi alipofika kwenye neno lile moja akakwama. Kilatini kina salve ya kukutana na vale ya kuagana. Neno la kutosha kwa yote mawili hakina.

"Nikiandika salve, mzee amekuja na atabaki," anasema. "Nikiandika vale, mzee ameshakata tamaa. Baba alifanya yote mawili kwa pumzi moja. Niliandika hili, nikafuta, nikaandika lile, nikafuta. Nta ikawa kama uwanja wa kuku."

Akiwa bado anafuta na kuandika, siku ya mazoezi ikafika. Eutyko, mwigizaji wa wazee, akapokea kibao chenye maneno mawili yaliyopandana, moja halijafutika sawasawa na jingine halijakolea. Akasoma alichokiona. "Salve," akasema. Akakunja uso, akasogeza kibao puani. "Vale?" Akageuka kwa Dexo. "Salve... vale... we mwalimu, huyu mzee yuko au hayuko?"

Kundi zima likavunjika mbavu. Vatronius, ambaye alikuwa hajacheka tangu bei ya mbao za jukwaa ipande, alicheka akapiga paja. "Acha hivyo hivyo!" akasema. "Usiguse! Mfanye mlevi, aingie atoke, aingie atoke, kama mbuzi kwenye bustani ya mtu. Anachokosa sasa ni mwendo. Nani ana mwendo wa kuchekesha?"

 Hapo Dexo anachukua kalamu yake, anaichunguza ncha, anaiweka chini.

"Nilisimama mwenyewe," anasema. "Hakuna aliyenishika mkono, hakuna aliyenitisha. Walikuwa wanacheka, na mimi nilitaka wacheke zaidi. Nikatembea kama baba. Nilitembea kutoka ukuta huu hadi ule, na nikarudi."

Sikukuu ilipofika, watu walicheka mpaka wauza soseji wakaacha majiko yao kuja kutazama. Tangu hapo Roma nzima inachechemea. Walevi wanachechemea, askari walioko likizo wanachechemea, na juzi mtu alifanya hivyo kwenye mazishi. Dexo alipewa joho jipya. Alilivaa, na kwa miezi mingi, anakiri, alijisikia mtu.

Uso umeumbwa na haya, lakini haya hulala mpaka uso mwingine ukutazame. Uso huo ulifika Septemba hii, pamoja na nyumbu wawili waliobeba sufu.

Timareta ni dada yake mkubwa. Taras ilipoanguka alikuwa ameshaolewa mji wa Heraklea, ndiyo maana hakuuzwa. Mara ya mwisho kumwona baba yao alikuwa amekwenda Taras kusalimia, na alipokuwa anaondoka mzee alimsindikiza hadi mlangoni, akamwambia khaire. Vita vikaingia, na mzee hakuonekana tena. Kwa miaka thelathini Timareta ameishi na neno hilo, kwa sababu kaburi la baba yao halipo.

Alikuwa amesikia kwa wauza sufu kwamba ndugu yake ameupeleka Mfinyanzi Roma, na kwamba watu wanaupenda kupita kiasi. Basi akaja. Alileta jibini na mafuta ya zeituni ya nyumbani, na shuka aliyoolewa nayo, ya kuvaa siku ya mchezo. Kwa Kilatini chake cha sokoni alimweleza Plotia dobi: "Baba yangu mimi. Watu Roma. Wote tazama!" Plotia akampigia makofi.

"Nilikuwa na muda wa kumwambia," anasema Dexo. "Alikaa hapa siku kadhaa kabla ya mchezo. Tulikula pamoja, tulicheka mambo ya utotoni. Kila nikifungua mdomo, naona ile shuka imetundikwa msumarini, nafunga. Nikasema labda mvua itanyesha, mchezo uahirishwe. Mtu mzima mimi, naomba mvua."

Mvua haikunyesha. Dexo alikuwa nyuma ya jukwaa, kazi yake ikiwa kuwanong'onezea waigizaji wanaposahau. Katikati ya mbao kuna ufa, na kupitia ufa huo alimwona dada yake safu ya tano, kiti cha pembeni, shuka imemkaa vizuri.

Eutyko akatoka na nywele zake nyeupe za bandia. Mguu ukajitokeza kwanza.

Na Timareta akasimama.

Alisimama wima, mikono ameikutanisha mbele, kama walivyosimama watu wa Taras. Alidhani wakati wa baba yake umefika. Kumzunguka pande zote watu walikuwa wanalia kwa kicheko. "Salve!" akapayuka Eutyko. "Vale! Salve!" Nyuma ya Timareta watu wakaanza kupiga kelele: "Kaa chini, mama! Unatuzibia!" Mmoja akamvuta shuka. Hakukaa. Alisimama mpaka mzee akajigonga kichwa mlangoni mara ya mwisho, akabebwa mzobemzobe na watumwa, na wimbo ukaanza. Ndipo akakaa, taratibu, kama mtu anayechelea kuvunja kitu.

"Natamani angeondoka," anasema Dexo. "Natamani angetupa kitu. Nimeshapigwa viboko jukwaani na nje ya jukwaa, bwana, na hakuna kilichowahi kunichapa kama kumwona amesimama."

Jioni ile walitembea pamoja kurudi Aventino. Timareta alikuwa anatazama mbele tu.

"Mguu ule ni wa baba," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Yule mwigizaji hakuwahi kumwona baba."

"Hakuwahi."

"Nani kamwonyesha?"

Dexo anasema alihesabu uongo kama minne iliyokuwa tayari kinywani. Yeye ni mtu wa maneno. Uongo hauwezi kumkosa.

"Mimi, dada."

"Basi umemkumbuka vizuri, mdogo wangu," akasema Timareta. "Mimi nilikuwa nimeanza kumsahau."

Hawajafika mbali, Plotia akawadaka mlangoni pake, mikono imejaa soseji za moto, uso unameremeta. Hakuwa na habari. Alimpa Timareta soseji moja, akaifyatua miguu yake minene, akachechemea mbele ya mgeni wake kwa upendo wote. "Salve! Vale! Shoga yangu, huyu ndugu yako katuua! Baba yenu angekuwepo, angekufa kwa kicheko!"

"Anasemaje?" Timareta akamuuliza Dexo kwa Kigiriki.

"Anasema mchezo umempendeza."

Timareta alimtazama Plotia, akautazama mguu wake, kisha akamrudia ndugu yake. "Hata hilo umeligeuza," akasema, na akaingia ndani na soseji yake mkononi, bila kuila.

Plotia anasikitika mpaka leo. "Ningejuaje?" anauliza, akikamua joho la mtu kwa nguvu kuliko linavyohitaji. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi naosha nguo za nje tu. Huyu bwana kaka amekaa kwangu miaka yote hii, hajaniambia kama ule mguu una mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata Dexo aliwasindikiza dada yake na nyumbu wake hadi Lango la Kapena, inakoanzia njia ya kusini. Njia nzima Timareta alizungumza Kigiriki, lahaja ile ya nyumbani, kuhusu bei ya sufu, kuhusu wajukuu, kuhusu jino linalomsumbua. Alikuwa mpole. Dexo alianza kupata matumaini. Alijua pale langoni atamwambia neno lao la kuagana, ambalo ni la kukutana pia, na yeye atalijibu, na mambo yatakuwa na pa kuanzia.

Timareta alipanda nyumbu. Akajifunga shuka. Akamwangalia.

"Vale," akasema. Kwa Kilatini, kwa lafudhi ya sokoni.

"Lile letu lingeniachia mlango wazi," anasema Dexo. Machozi yamemlenga, na hayafichi. "Yeye asiyejua Kilatini zaidi ya kuhesabu na kutukana, akaenda kulitafuta neno lisilo na mlango. Na nani alimfundisha kwamba maneno ni mawili? Si mimi, mbele ya Roma nzima?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini Novemba kuna sikukuu nyingine, na mkuu wa sherehe ameutaka tena Mfinyanzi, tena ameomba salve-vale irefushwe. Dexo akamwendea Vatronius.

"Bwana, nataka niiondoe ile."

"Uondoe nini? Watu wanaijia hiyo! Ukiitoa watakimbilia kwa wacheza kamba kabla hatujafika katikati, na mimi nitabaki naigizia viti."

"Basi kituko kibaki. Mpe jirani, mlevi mwingine yeyote. Lakini mguu niachie."

"Mguu upi? Si wa Eutyko?"

"Wa baba yangu."

Vatronius si mtu mbaya. Alikuwa ameula ule mguu mwaka mzima bila kujua ni wa nani, na sasa ulimkaa kooni. "Mbona hukusema?" akauliza.

"Nilikuwa nacheka na nyie."

Walibishana, wakakubaliana. Kituko cha mlango kitakwenda kwa jirani mlevi, asiyechechemea. Mfinyanzi atatoka mwishoni tu, na atasema neno lile moja kama lilivyo, kwa Kigiriki, lisiloguswa. Nusu ya Roma imepigana Ugirikini au imenunua mtumwa kutoka huko, watalielewa. Vatronius ameweka sharti moja: watu wakianza kuinuka waondoke, Eutyko atumbukie kwenye pipa la lami ili wacheke, na liwalo na liwe.

Hofu ya Dexo haiko kwenye pipa. "Mguu ule nimewafundisha mimi kuucheka," anasema. "Kucheka walijifunza siku moja. Sijui kunyamaza nitawafundishaje."

Amemtumia Timareta habari kwa wauza sufu: aje Novemba, safu ya tano, pembeni, pale pale. Wauza sufu wamerudi na sufu. Jibu hawakuja nalo. Hata hivyo amekwenda kumwomba fundi seremala amwekee kiti hicho, na fundi, ambaye ni miongoni mwa wanaochechemea, amekubali.

"Sitaki anisamehe," anasema. "Nitakuwa muongo nikisema ndiyo ninachotaka kwanza. Nataka aje, na akiondoka aniambie lile letu."

Kivuli kimefika katikati ya ua wakati Eutyko anapoingia kufanya mazoezi, anatafuna kitunguu. Jukwaa ni ua wa Plotia, na mlango wa binti ni mlango wa dobi. Eutyko anavaa nywele nyeupe, anameza kitunguu, anauburuta mguu wa kushoto na kuunyanyua kidogo, kama anayeuombea radhi.

Madobi wanaangua kicheko palepale, hata kabla hajafungua mdomo.

"Kimya, mbuzi nyie!" Plotia anafoka, ingawa naye kiganja kimemziba mdomo.

Eutyko anafika kizingitini. Anasita. "Dexo, niambie ukweli," anasema. "Mzee huyu hapa anafika au anaondoka? Nisipojua sijui niweke sauti wapi."

"Sijui," anasema Dexo. "Baba hakutuambia. Liseme tu, usiongeze kitu. Rudi, anza tena."

Eutyko anarudi hadi ukutani. Mguu unatangulia, na madobi wanaanza tena, kwa mazoea tu, hata hawajui wanacheka nini. Safari hii Dexo anaweka kibao chini. Anainuka kutoka kwenye mtungi wake, anasimama wima katikati ya ua, na mikono anaikutanisha mbele.

"Kaa chini, kaka," anapaza sauti mmoja kutoka kwenye beseni. "Unatuzibia!"

Dexo hakai.